Pokea, Ongeza

Watu hudhani anayechekesha wengine ana akiba ya kicheko nyumbani, kama muuza mkaa asivyokosa moto. Wangemwona Dobi siku ya Jumatatu.

Jumatatu ndiyo siku ya mashuka mengi hospitalini. Wodi zote huwa zimekusanya ya Jumamosi na Jumapili, na ikifika saa moja asubuhi mifuko imeshapangwa ukutani hadi usawa wa dirisha, mingine ikivuja. Dobi huvaa buti za mpira, aproni ya plastiki na glavu zinazofika kiwikoni, kisha huanza kuchambua: ya damu huku, ya mkojo kule, yasiyo na neno upande wake. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili. Yeye hana ugomvi nayo. Mwenye ugomvi ni mgongo wake, nao hausikilizwi na mtu.

Jina lake la kuzaliwa liko kwenye karatasi ya mshahara tu. Hili la Dobi hakupewa na hospitali. Alipewa na Kinyozi, na alilipata kwa sababu ya nywele.

Ilikuwa hivi. Mvuke wa chumba cha kufulia ulikuwa umezichosha nywele zake mpaka zikawa hazisukiki wala hazichaniki, na mchana mmoja akitoka zamu akaamua zikatwe zote yaishe. Akaingia kwenye duka la kunyolea la karibu, duka la viti viwili na kioo kimoja chenye ufa. Hakukuta mtu. Akasikia pumzi za watu nyuma ya pazia, akachungulia, akaona watu wazima wanne wamesimama mstari mmoja wakiutazama ukuta. Hawasemi, hawatikisiki. Akakohoa. Akangoja. Robo saa ikapita, na miguu yake ilikuwa imesimama tangu alfajiri.

"Samahani, kinyozi ni nani hapa?"

"Tulia kidogo, Dada," akajibu mmoja bila kugeuka. "Tunasubiri treni."

"Treni imeshakuja," Dobi akasema. "Imewaona mlivyo, ikapita. Sasa nani ananikata nywele?"

Wote wanne wakavunjika mbavu. Mmoja wao, mwanamume mwembamba mwenye mikono mirefu, akatoka mstarini akijifuta machozi, akamkalisha kitini na kuchukua mashine. Huyo ndiye aliyekuwa Kinyozi. Alipokuwa akimnyoa akamuuliza anafanya kazi gani.

"Dobi. Kule hospitali."

"Basi Dobi, Alhamisi saa kumi jioni uje."

"Kufanya nini?"

"Kusubiri treni."

Akaenda. Usiniulize kwa nini mwanamke mwenye akili zake, aliyechoka kiasi kile, aliacha kitanda chake akaenda kusimama mbele ya ukuta. Mumewe alikuwa amehamia kwa mwingine mwaka uliotangulia, tena kwa upole uliopita kiasi: alirudi kuchukua redio na Dobi akamsaidia kuibeba hadi barabarani. Mwanawe wa pekee alikuwa shule ya bweni. Nyumba ilikuwa kimya, na kule nyuma ya pazia kulikuwa na watu. Nadhani sababu ni hiyo tu, na inatosha.

Walichokuwa wakifanya ni vichekesho vya papo kwa papo. Hakuna kilichoandikwa, hakuna kilichokaririwa. Watazamaji wanatoa neno, mahali au kazi, na waigizaji wanapanda na kuanza, wasijue zaidi ya unavyojua wewe. Dobi alidhani ni rahisi. Mdomo alikuwa nao. Basi wiki nzima akawa anatunga mizaha yake mbele ya mashine za kufulia, anaibeba Alhamisi, na ikifika zamu yake anaitoa. Haikumchekesha mtu. Alirudi nyumbani akiwa amechoka mara mbili, akala kiapo kwamba haendi tena, na Alhamisi iliyofuata akaenda.

"Ukija na mzaha mfukoni," Kinyozi akamwambia, "humsikii mwenzako. Unamngoja tu anyamaze uutoe. Acha kuchekesha, Dada. Sikiliza."

Akampa zoezi la mikono mitupu. Watu wawili wanasimama, mmoja ananyoosha mikono isiyo na kitu na kusema, "Nakupa hii," na mwingine anapokea, anasema ni nini, na anafurahi. Hayo tu. Wiki tatu mfululizo Dobi alipokea shuka. Kila akinyooshewa mikono, shuka. Wenzake wakaanza kuangaliana. Kinyozi hakumkaripia hata mara moja. Alinyoosha mikono tena na tena, kwa subira ya mtu anayenyoa mtoto mchanga. Wiki ya nne Dobi akapokea bata mzinga, na yule bata akamdonoa, akapiga ukelele mpaka muuza viatu wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Siku hiyo Kinyozi alimkumbatia mbele ya wote.

Sheria yao ilikuwa moja, na ilikuwa fupi: pokea, ongeza. Mwenzako akisema wewe ni nahodha, basi ni nahodha. Akisema meli inazama, usimwambie iko salama. Shika ndoo uanze kuchota. Kukataa ndiyo dhambi pekee waliyoijua. Na mwenzako akikosea, akisahau uliitwa nani, akikuita shemeji na dakika mbili zilizopita ulikuwa askofu, hilo kosa ni zawadi. Lipokee mbele za watu kana kwamba ulilingoja tangu asubuhi. Watazamaji wasijue kamwe kwamba mtu ameteleza. Hawakuapa popote, lakini sheria hiyo waliishika kuliko wengi wanavyoshika walizoapia.

Miaka kumi na mitano ikapita namna hiyo. Kila Jumapili saa tisa alasiri walicheza kwenye ukumbi wa chama cha maseremala, uliokuwa na jukwaa la ngazi mbili, viti sitini vya plastiki na harufu ya vanishi isiyokwisha. Walizoea kupata watu ishirini, na kati ya hao wanne walikuja kwa ajili ya kivuli. Wenzao wakaja na kuondoka. Mmoja alioa, mmoja alihama, mmoja aliona aibu. Waliobaki ni watatu: Kinyozi, Dobi, na Fundi Bomba, pande la mtu linalotengeneza mabomba ya maji, ambaye miaka yote hiyo, igizo liwe la nini, aliingia akiwa polisi.

Uigizaji haukumpa Dobi mali wala mume. Ulimpa sikio. Wagonjwa waliotoka kuota jua karibu na kamba za mashuka walimsimulia mambo ambayo daktari hakuambiwa. Lakini kuna gharama yake ambayo hakuna aliyemtajia. Mtu akijizoeza miaka kumi na mitano kutokataa, mdomo haujui tena kwamba ameshashuka jukwaani. Msimamizi akisema, "Dobi, leo utabaki zamu ya pili," mdomo unajibu, "Sawa, na mashine nitazima mimi," kabla kichwa hakijafika. Dada yake akisema wageni wanakuja kulala kwake siku tatu, yeye anasema wakae hata wiki. Kisha anakaa ukingoni mwa kitanda, buti moja mguuni na nyingine mkononi, akijiuliza nani amesema vile. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ulikuwa uchovu wa mlango usio na komeo.

Halafu ukaja mwaka ule.

Ilianza Jumapili moja, Kinyozi akiwa daktari na Dobi mgonjwa. Katikati ya igizo, badala ya kumpima, Kinyozi akaja akakaa ubavuni pake na kuanza kulalamika kuwa goti lake linamsumbua, hapati usingizi, na tangu asubuhi hajaonana na daktari. Amesahau kuwa daktari ni yeye. Dobi hakusita hata nukta moja. "Ndiyo maana nilikukataza usinishike mkono," akasema. "Sasa umeambukizwa ugonjwa na kazi umeisahau." Ukumbi ukalipuka.

Wiki mbili baadaye Kinyozi akamwita Dobi kwa jina la marehemu mkewe, aliyefariki miaka sita nyuma, na kumuuliza shati lake jeupe ameliweka wapi.

"Liko kule kule ulikolivulia," Dobi akajibu. "Mwenye nyumba hiyo nasikia analipenda."

Fundi Bomba akaingia na saluti, polisi kama kawaida, akasema shati limepatikana na limekiri kila kitu. Watu walicheka mpaka mama mmoja akatolewa nje kupunga hewa. Mtu akawa amerekodi. Video ikazunguka kwenye simu za watu, na Jumapili iliyofuata ukumbi ukawa na watu arobaini, na iliyofuata sitini, na iliyofuata maseremala wakaleta mabenchi ambayo hayajapigwa msasa. Watu wakasema uzee umemnoa Kinyozi. Wakasema hujui atatokea wapi. Dobi naye, Mungu amsamehe, akamvika kilemba cha ukoka: "Kaka, leo umetisha." Kinyozi akatabasamu kwa adabu, bila kujua ametisha kwa lipi.

Tusimtupie mawe haraka. Mtu mwingine yeyote angeona. Muuza nyanya wa sokoni angeona siku ya kwanza, akasema, "Mzee wa watu, mbona kama hayuko sawa?" Lakini hawa walikuwa wamejifunza kutoliona kosa kuwa kosa, na walijifunza vizuri. Kinyozi alidondosha, wao wakadaka, na kadiri alivyodondosha ndivyo walivyoonekana hodari.

Dobi mwenyewe aliligundua siku moja nje ya jukwaa. Alikuwa ameketi dukani siku yake ya mapumziko, na kitini alikuwepo kijana wa watu aliyekuwa na usaili wa kazi saa nane. Kinyozi akamnyoa upande wa kushoto, safi, kwa ile mikono yake isiyo na haraka. Kisha akazima mashine, akamkung'uta nywele shingoni, akavua kitambaa na kusema, "Karibu tena." Yule mteja akajitazama kwenye kioo. Nusu ya kichwa ilikuwa kipara, nusu kichaka.

Dobi akasikia mdomo wake unafanya kazi.

"Nusu ya kwanza ni ya kuonja, kaka yangu. Ukiipenda, anaendelea."

Mteja akaangua kicheko, Kinyozi akacheka, mashine ikawashwa tena. Lakini Dobi alikuwa amemtazama Kinyozi kupitia kioo kabla hajacheka, na alichokiona usoni mwake ni hofu tupu, ya mtu aliyeamka kwenye chumba asichokijua.

Mteja alipoondoka, Kinyozi akalivuta pazia, akaketi kwenye benchi.

"Dada, kuna mahali panafutika."

"Wapi?"

"Ningejua ni wapi, pangekuwa hapajafutika." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Sikiliza. Nikipotea pale mbele, nishike. Usiniache nianguke watu wananitazama."

"Umeenda kwa daktari?"

"Nitaenda. Ila usimwambie yule binti yangu. Akijua, atafunga duka hili, atanichukua kwake, nitakalishwa kwenye kochi niwe natazama ukuta. Na ukuta mimi nimeshautazama vya kutosha, wewe unajua."

Dobi akasema sawa. Akaongeza: atakuwa anapita dukani kila akitoka zamu, na Jumapili atakuwa haachi mkono wake. Hakuna aliyemwomba hayo ya ziada.

Basi akawa anafanya kazi tatu. Asubuhi mashuka. Mchana duka: anaketi karibu na kiti, anawasemesha wateja, macho kwenye mikono ya Kinyozi, na wembe ameshauficha kwenye mkoba wake, siku hizi ni mashine tu. Jumapili jukwaa. Huko alikuwa anasikiliza kwa ajili ya wawili, anakumbuka kwa ajili ya wawili, na akirudi nyumbani alikuwa anaanguka kitandani na viatu. Na kila Jumapili watu walimkamata mkono mlangoni, wakimwambia, "Mama, nyinyi mna kipaji!" Alikuwa anawashukuru. Sitaki kumsafisha: sehemu yake moja ilikuwa inafurahi. Miaka kumi na minne ya watu ishirini si mchezo.

Mwezi wa tano wa mambo hayo alipigiwa simu kazini. Namba ya Kinyozi, sauti si yake.

"Wewe ndiye umeandikwa hapa 'Dada'? Njoo umchukue mtu wako kabla hatujamfanya kitu."

Akakimbia na buti zake za mpira miguuni. Kinyozi alikuwa mtaa wa tatu, kwenye nyumba aliyopanga miaka ishirini nyuma, kabla binti yake hajaanza shule. Alikuwa amesimama mlangoni akilazimisha ufunguo wa dukani uingie kwenye kitasa, huku akiwafokea waliomo ndani watoke nyumbani kwake. Vijana kama kumi walikuwa wamemzunguka. Mmoja alikuwa ameshaokota jiwe, wa pili anatafuta lake. Shati la Kinyozi lilikuwa limechanika begani.

"Jamani, jamani!" Dobi akapaza sauti kutoka mbali, akiwa anacheka, na kile kicheko alikitoa wapi hata mimi sijui. "Mmetuharibia mazoezi! Huyu si yule mzee wa video? Shati jeupe? Hamumtambui?"

Wakamtambua. Jiwe likadondoshwa. Wakaanza kumpiga Kinyozi mabegani kwa furaha, mmoja akapiga naye picha, mwenye nyumba akaomba aigize kidogo. Dobi akamshika mkono, wakaondoka wakisindikizwa na vigelegele. Walipokata kona akaegemea ukuta wa watu na kutapika.

Siku hiyo alijua. Kama hakujua mwanzo, sasa alijua kwa uhakika: siku yeye asipokuwa karibu, watamuua. Kilichotakiwa ni neno moja kwa binti yake, mwalimu wa chekechea kwenye mji wa mbali, mwendo wa saa nne kwa basi. Na kama vile mtu amemwagiza, yule binti akapiga simu jioni ile ile.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Mwalimu wangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wananimaliza tu. Shangazi, nikuulize. Baba yuko sawa? Jana amenipigia mara tatu, na mara zote ananiuliza nimefaulu mtihani wa darasa la saba."

Dobi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, buti bado miguuni. Neno lilikuwa pale. Lakini alimsikia Kinyozi, usiniache nianguke, na mdomo ukaenda njia yake.

"Yuko sawa kabisa. Anakutania huyo. Siku hizi ana utani mpya, hata huku anatusumbua nao."

"Kweli?"

"Kweli. Hujaona video?"

"Nimeziona! Shule nzima inacheka." Sauti ya binti ikalegea kwa nafuu, na nafuu hiyo ikamchoma Dobi kuliko swali. "Basi Jumapili nakuja kumwona. Usimwambie, nataka nimshtue."

Jumapili ikafika. Saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Binti alikuwa safu ya tatu, kiti cha pembeni, amevaa gauni la kutokea, anapunga mkono. Dobi akampungia. Fundi Bomba akawaomba watazamaji watoe mahali, na seremala mmoja akapiga kelele, "Duka la fanicha!"

Ikaanza vizuri. Kinyozi muuzaji, Dobi mteja. Kinyozi akamuuzia kiti cha miguu mitatu, akasema mguu wa nne unauzwa kwa wasiojiamini. Hayo yalikuwa ya kwake mwenyewe, Kinyozi wa zamani, na Dobi akahisi machozi ya furaha. Akajisemea moyoni, labda nimekuza mambo. Labda anapona.

Halafu Kinyozi akanyamaza. Akageuka akawatazama watu, safu kwa safu.

"Hawa ni nani?"

"Wateja," Dobi akasema. "Wameshavikalia viti, na hakuna anayenunua."

Kicheko kikubwa.

"Nataka kwenda nyumbani," Kinyozi akasema.

Kicheko.

"Nataka kwenda nyumbani, Mama." Akamshika Dobi mkono kwa mikono yake yote miwili. "Niambie njia. Nimepotea."

Watu walikuwa hoi. Na hapo Dobi akaliona doa. Lilikuwa bado dogo, kwenye suruali ya kijivu, likishuka pajani. Hakuna mwingine ukumbini aliyekuwa ameliona, ila yeye alilipwa mshahara kwa kuona madoa kama hayo, miaka ishirini na miwili. Dakika moja zaidi wataliona wote. Na wakiliona, watacheka, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha kwamba kila linalotoka kwa mtu huyu linachekesha.

Akavua sweta yake akamfunga Kinyozi kiunoni. Akawageukia watu.

"Basi, jamani. Huu si mchezo."

Wakacheka.

"Nawaomba mnyamaze. Huyu mtu anaumwa."

Wakacheka zaidi, na safu ya nyuma wakaanza kupiga makofi. Dobi hajawahi kukataa jambo jukwaani, na sasa anakataa, na hakuna anayempokea. Akamtazama Fundi Bomba pembeni, kwa macho ya kuomba, na Fundi Bomba, mtu mwema, mwanafunzi mzuri, akaona mwenzake yuko peke yake anahitaji msaada. Akaingia kwa hatua za kijeshi na saluti.

"Nani anaumwa hapa bila kibali?"

Ukumbi ukafa kwa kicheko. Wengine walikuwa wanajipiga mapajani. Kinyozi akajikunyata nyuma ya Dobi, amemwogopa polisi.

Dobi akamshika Kinyozi mkono, akamteremsha ngazi ya kwanza, na ya pili, akapita naye katikati ya viti. Watu wakawa wanageuza shingo kuona safari hii watafanya nini. Akasimama safu ya tatu. Binti alikuwa anajifuta machozi kwa kiganja, mabega bado yanatikisika.

"Nilikudanganya, Mwalimu," Dobi akasema. "Baba yako hayuko sawa. Ameumwa muda mrefu, na mimi nilijua."

Binti akamtazama yeye, akamtazama baba yake mwenye sweta kiunoni, akawatazama watu waliokuwa wakimtazama yeye. Uso ukamchangamka. Alikuwa ameona kwenye video kwamba mara nyingine humwinua mtazamaji.

"Haya, Shangazi!" akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Na mimi niwe nani?"

"Uwe binti yake," Dobi akamwambia. "Inuka, tumtoe nje."

Akainuka kwa madaha, huku anacheka, akaupokea mkono wa pili wa baba yake kwa mbwembwe za kuigiza. Walitembea hatua nne, labda tano. Kisha akausikia ule mkono jinsi ulivyo baridi na unavyotetemeka, na harufu ikamfikia. Tabasamu likaanza kumtoka, mdomo kwanza. Macho yakachelewa.

Makofi yakawasindikiza hadi mlangoni. Watu walisimama, haikuwahi kutokea kabla ya hapo. Jukwaani Fundi Bomba alibaki na mkono kwenye paji la uso, saluti yake haijashuka.

Nje jua lilikuwa kali. Wakamkalisha Kinyozi juu ya rundo la mbao kwenye kivuli cha ukuta, akatulia, akaanza kupapasa mbao kuona kama zimepigwa randa. Binti akapiga magoti mbele yake, akaikaza sweta isifunguke.

"Tangu lini?" akauliza bila kumtazama Dobi.

Dobi angeweza kusema majuzi. Angeweza kusema hakuna aliyejua, si rahisi kujua. Mdomo wake, kwa mara ya kwanza, haukuwa na la kuongeza.

"Tangu ukumbi ulipoanza kujaa."

"Na ulikuwa unacheka, Shangazi?"

"Nilikuwa nacheka," Dobi akasema.